Dume wa Kinamasini

Shangazi yangu wanamwita Mkunga. Wasiomjua huuliza ni mkunga wa uzazi au yule samaki, naye hujibu, "Inategemea umeniudhi kiasi gani." Kazi yake ni kutotolesha vifaranga vya kambare kwenye shamba la samaki. Mayai ya jike anayakamua kwenye beseni, lakini mbegu ya dume haikamuliki. Lazima dume achinjwe.

Babu, baba yake, alivua kinamasini maisha yake yote. Alipofariki, shangazi akashikwa na hamu ya kambare wake, wale weusi waliojizika matopeni kiangazi na kuibuka mvua zikirudi. Alitaka kuwazalisha upya. Lakini kambare wetu wa mabwawani, watoto wa wazazi wachache, wote ndugu, walitoroka wakati wa mafuriko wakachanganyika nao. Sasa kwa macho huwatofautishi. Unakata kipande cha pezi, unakitia kwenye spiriti, unakipeleka maabara wakasome vinasaba.

Mwaka mzima tulipeleka. Mchanganyiko, mchanganyiko, mchanganyiko. Ndipo dume mmoja akapata jibu safi: hana hata chembe ya bwawani. Shangazi alilia kwa furaha, akamweka kwenye tangi peke yake, akaanza kumtafutia mchumba safi kama yeye.

"Shangazi, wachumba wako uliwatimua, wa samaki ndio unahangaikia?"

"Funga mdomo, shika neti."

Meneja wa shamba alimpa muda wa kutafuta hadi mvua ziishe. Zikaisha, na dume akaanza kususa chakula. Jibu la jike wa mwisho nilimsomea mimi: nusu kinamasi, nusu bwawa. Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilitaka wa baba," alisema. "Sio wanaofanana nao. Wenyewe."

Mimi na domo langu lote, nikaikunja tu karatasi ya maabara.

"Mkunga, ukizidi kusubiri atakufa na mbegu yake tumboni," meneja alisema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, ingawa sidhani walimfikiria kambare.

Basi yule jike wa nusu kwa nusu akadungwa sindano ya kuivisha mayai. Kesho yake, beseni likiwa mezani, shangazi aliniuliza, "Hawa watoto watakuwa wa kinamasini kiasi gani?"

"Robo tatu."

Akafuta mikono kwenye aproni.

"Ni nyingi hizo. Mimi mwenyewe nina nusu tu ya baba. Na kila siku naitamani ile nusu nyingine aliyoondoka nayo."

Akaosha kisu. Aliniambia nimletee dume, kisha nigeukie ukutani. Dume nilimletea, ila sikugeuka. Alimshika kichwa kwa viganja viwili, akakaa naye hivyo muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Nisamehe, baba," alisema, kisha akakata.