Samaki wa Baba Ghati na chumvi ya ng'ombe

Leo nimecheka mpaka nimekaa chini, na mume wangu hanisemeshi.

Wale samaki wake wa mapambo wametoka madoa meupe. Aliyemuuzia akamwambia kwa simu, "Tia chumvi kidogo kwenye kibwawa."

Mkurya na chumvi!

Kaenda zizini, kabeba magadi tunayowapa ng'ombe na kulainishia mboga. Kamwaga debe zima.

"Ng'ombe si wananenepa?" akaniuliza.

Nikaenda zangu gengeni.

Narudi, wote wanaelea matumbo juu. Na yeye analia, jamani. Mwanaume wa jando! Nyie mngejizuia?

Mama yake katoka ndani, kainama kuwatazama. Nikajua sasa atambembeleza.

"Mwanangu, magadi umeshatia. Washa moto."