Siku Dapir Alipolipigania Jua

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko Jette, Brussels, nilimwona bibi mmoja akilikomboa jua kwa sinia na kijiko.

Bibi huyo tulimwita Dapir, kama alivyoitwa na mjukuu wake Zilan, rafiki yangu wa ghorofa ya juu. Walikuwa Wakurdi, na kwa lugha yao dapir ni bibi. Sebuleni kwao ilitundikwa bendera yenye jua katikati, bendera ya nchi ambayo haikuwa kwenye ramani ya shule yetu. Mwaka ule mtoto wa Dapir aliyebaki huko walikotoka alifungwa kwa kuidai nchi hiyo. Tangu habari zifike, bibi alilala tu akiutazama ukuta, akinywa chai. Chakula alikikataa, hata mchuzi aliopelekewa na mama yangu, na Zilan alikuwa akiniambia kwamba watampoteza.

Ikaja siku ya Agosti ya kupatwa kwa jua. Watoto tulikuwa uani na miwani yetu ya karatasi. Mchana ukapauka, baridi ikaingia, ndege wakanyamaza. Dapir akatokea mlangoni, miguu mitupu, akilipiga sinia kwa kijiko.

"Anasema kuna kitu kinameza jua," Zilan aliniambia kwa aibu. "Anasema nchi wametunyima, jua hawatalichukua."

Mama hakucheka. Kwao Kivu bibi zake walifanya vilevile. "Alors, unaangalia nini? Leta sufuria ya bugali," aliniambia, akaipiga kwa mwiko.

Akatoka Tonton Jef, Mbelgiji mzee wa ghorofa ya chini, aliyezoea kutugongea dari kwa ufagio. Tukajua tumekwisha. Akarudi ndani, akaja na mifuniko miwili.

"Miaka minne mnanipigia kelele za bure," alisema. "Za leo angalau zina kazi."

Tukapiga sote. Jua lilikuwa limebaki ukucha tu. Dapir alipiga huku akilia, na mimi niliamini kabisa kwamba mikono yetu ikichoka halitarudi. Kisha ukucha ukanenepa. Joto likanigusa shavuni kama kiganja cha mtu.

Jioni ile Dapir aliomba mkate na jibini, akala akiwa ameketi.

Leo nami ni mama, na najua jua lingerudi hata tungekaa kimya. Dapir amefariki, nchi yake haijapatikana. Ila nadhani watu wake walikuwa wamelia kwa miaka mingi huku majirani wakifunga madirisha, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alilia majirani wakatoka.