Mstari Ambao Mjomba Hakuukwangua

Mjomba wangu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya barabara ya wilaya yetu, hii wilaya ya pembezoni ambayo si jiji wala si shamba. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuzipa barabara kuu namba na kuonyesha zipite wapi. Walioamua walikuwa wakubwa, yeye alichora tu, lakini ukimsikiliza mezani ungedhani ni yeye aliyeitandika wilaya nzima kwa mkono wake. Watu walimwita Bwana Namba, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na babu.

Historia ya kila barabara alikuwa nayo kichwani, na alitusimulia tupende tusipende, chakula kikipoa. Namba witiri hutoka jijini kwenda nje, namba shufwa hukatiza. Ya saba inaishia kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa, kwa sababu fedha ziliishia hapo na utepe wa uzinduzi ulikuwa umeshakatwa. Ya kumi na tatu haipo kabisa, kwa kuwa mwenyekiti wa wakati ule aliiogopa namba hiyo, akaamuru wairuke. Ya kumi na moja ina kona kali mahali ambapo ardhi ni tambarare, hakuna mto wala kilima. "Pale palikuwa na uzio wa mkubwa fulani," mjomba alikuwa akisema huku mbavu zikimuuma kwa kicheko. "Barabara ilipiga hodi, ikaambiwa izunguke." Sisi watoto tulicheka naye. Siku hizi nikipita kwenye kona ile natukana, tena kwa sauti.

Barabara yetu ilikuwa ya kumi na nne. Ilipita mbele ya nyumba ya mama yangu, ambaye ni dada mdogo wa mjomba, fundi cherehani na mjane, aliyeijenga nyumba ile chumba kimoja kimoja, kila kimoja na miaka yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, palikuwa na nguzo yenye kibao cha bluu kilichoandikwa 14 kwa rangi nyeupe, na mama aliwaelekeza wateja wake wote kwa maneno yale yale: shuka kwenye kibao cha kumi na nne, geuza shingo, umenikuta.

Nilikuwa darasa la sita walipofungua barabara ya mchepuko kule nyuma mashambani, ili malori yasipite tena katikati ya nyumba za watu. Utaratibu wa ofisi ulijulikana. Mchepuko ukifunguliwa, namba inahamia huko, na kipande cha zamani kinafutwa kwenye ramani kuu, kinabaki mtaa tu usio na namba. Kufuta kwenyewe kulifanywa kwa wembe. Ramani zilichorwa kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na wino ule haukusikia raba. Ilibidi uukwangue polepole, pumzi umeibana, mkono usitikisike.

"Kaka," mama alimwambia jioni moja, pini zikiwa mdomoni, "wakiniondolea namba, wateja watanipata wapi?"

"Watakupata tu. Si wanaijua nyumba?"

"Wanajua kibao, nyumba hawaijui. Wewe si ndiye Bwana Namba? Kilomita mbili na nusu tu, nani atakufa?"

Mjomba alijitia kufikiri, lakini nilimwona alivyovimba kichwa. Kesho yake aliichora kumi na nne mpya kule mchepukoni, akatia sahihi, na ile ya zamani hakuigusa. Alitusimulia mwenyewe: wembe aliushika, akautazama, akaurudisha kwenye kopo la kalamu. Basi kwenye ramani kumi na nne ikawa na miguu miwili kama suruali, na hakuna bosi hata mmoja aliyeuliza. Mama alimshonea koti la kitambaa kizuri. Tulikula, tukaicheka serikali.

Miaka ishirini na mbili ikapita. Mjomba alistaafu, akapewa cheti cha uaminifu kazini, akakitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Kisha ikatoka sheria mpya. Barabara kuu zote zenye namba zitapanuliwa, na hifadhi yake, yaani ardhi ya barabara isiyoruhusiwa nyumba, itakuwa mita thelathini kila upande kutoka katikati, badala ya kumi na tano za zamani. Mitaa isiyo na namba itabaki na mita kumi. Nyumba ya mama ilikuwa mita kumi na nane kutoka katikati. Najua kwa sababu nilipima kwa utepe wake mwenyewe, ule wa kupimia viuno, nikiwa nimepiga magoti kwenye lami.

Jumatatu alikuja mtu na kopo la rangi, akapiga X nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kushonea. Barua aliyoiacha ilitupa siku kumi na sita. Fidia, ilisema barua, itashughulikiwa baadaye.

Nilikwenda kwa mjomba nimefura. Nilimkuta amekaa mbele ya meza yake ya kuchorea, mikono magotini, hana kalamu wala karatasi.

"Umesikia?" nikamuuliza, salamu nimeisahau.

"Nilijua tangu sheria ilipotoka gazetini. Mimi ndiye wa kwanza kujua, mpwa wangu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani watakuja kuitazama barabara. Mtu yeyote mwenye macho ataona ule ni mtaa tu, lori halijapita pale miaka ishirini. Kumbe wanaitazama ramani."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Siyarudii hapa, na mengi siyajutii. Asubuhi yake alivaa koti lile lile alilolipata kwa kuacha mstari, akakitoa cheti ukutani, akakitia kwapani, tukaongozana hadi ofisini kwake kwa zamani.

Mhandisi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa rika langu. Alimwamkia mjomba, akamvutia kiti, na heshima zake zilinichoma kuliko kama angetufukuza. Ramani kuu aliileta mwenyewe kutoka stoo, akaikunjua mezani.

"Mzee wangu, hii hapa. Kumi na nne. Na sahihi ni yako."

"Ramani imekosea."

"Ilikosea, au uliiacha?"

Mjomba alinigeukia, nadhani alitaka nimsaidie jibu. Nikatazama dirishani.

"Niliiacha," akasema.

"Basi andika barua. Masahihisho ya ramani huandikwa na aliyechora, na kwa bahati wewe bado upo. Kamati inakaa kila baada ya wiki tano. Imekaa juzi."

"Nyumba inavunjwa baada ya wiki mbili!" nikadakia.

"Hiyo ni idara nyingine, dada. Mimi nashughulika na ramani."

Mjomba aliandika pale pale kaunta, kwa ule mwandiko wake uliosimama wima. Aliandika kwamba hakupitiwa, kwamba aliacha mstari kwa makusudi kwa ajili ya nyumba ya ndugu yake, na kwamba kipande kile kifutwe. Nilisoma nikiwa nyuma ya bega lake. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumkatiza. Tulipotoka, cheti kilibaki kaunta. Sikumuuliza kama alikisahau.

Idara ile nyingine ilituzungusha siku nane. Leo mkuu yuko kikaoni, kesho yuko safarini, kesho kutwa yupo lakini anataka barua ya kamati kwanza, nayo kamati haijakaa.

Siku ya kuvunja, mama alishona pindo la gauni la mteja mpaka tingatinga lilipowashwa. Kisha alifunika cherehani kwa shuka, tukaibeba watatu, yeye, mimi na jirani. Nilimwambia asikanyage nyumbani kwa huyo kaka yake, nitamtafutia chumba.

"Mimi ndiye niliyemwomba," mama akasema. "Ulikuwepo, ulinisikia. Mwache, usimkalie kooni."

Nilikuwepo, ndiyo, na nilicheka kuliko wote. Vyumba vinne, miaka kumi na tisa ya kujenga, viliangushwa kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia mama kupiga pasi shati.

Wiki ya tatu baadaye kamati ikakaa. Mjomba alipewa barua ya shukrani kwa ukweli wake. Ombi limekubaliwa, kipande cha kilomita mbili na nusu kimeondolewa kwenye orodha ya barabara kuu, na upanuzi utafanyika mchepukoni peke yake. Vijana wa idara walikuja wakang'oa kibao cha bluu. Mhandisi alimwonyesha mjomba ramani kwenye kompyuta, akabonyeza mara moja, mguu mmoja wa suruali ukatoweka. "Hata wembe hawakutumia," mjomba alituambia aliporudi.

Bado hatukujua mwisho wake. Mama alipokwenda kufuatilia fidia, karani wa fidia za barabara kuu alifungua faili, akafunga. Nyumba yako, alimwambia, haipo kwenye barabara kuu. Mama alimwonyesha picha ya X nyekundu. Karani akasema anaiona, anasikitika, lakini mtaa ule hauna namba. Lile tamko la ukweli la mjomba, lililochelewa kuiokoa nyumba, liliwahi kabisa kuua fidia. Mahali pa nyumba yetu sasa kuna magugu, na barabara iliyohitaji nafasi hiyo haijasogea hata kwa shibiri moja.

Mama anaishi kwa mjomba, kwenye chumba cha meza ya kuchorea. Cherehani iko juu ya meza ile. Wanakula pamoja, wanasalimiana, na historia za barabara zimekwisha. Nikila huko, chakula hakipoi.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo mteja wa zamani alipopiga simu, kwa mara ya kwanza tangu mama ahame.

"Shuka kwenye kibao cha..." mama akaanza kwa mazoea. Mtaa wa mjomba hauna kibao wala namba, na nyumba zake zote ni za kijivu. Mama aliishika simu muda, akitafuta alama yoyote ya kumtajia.

"Ukifika kwenye duka la vyuma," akasema hatimaye, "ulizia kwa Bwana Namba."

Mjomba aliweka kikombe chini. Nilitamani kumwonea huruma, nikashindwa, na kushindwa huko kunaniuma mpaka sasa. Aliinuka bila kutuangalia, akavaa koti lake, akatoka kwenda kusimama ukingoni mwa barabara ili mteja asipotee. Jua lilikuwa la saa saba, na mteja alichukua saa nzima kufika.