Mshona Mito na Kiganja cha Dada

Shemeji yangu alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Bwana Ukuta. Jina hilo nilimpa mimi, kwa utani, mara tu alipomwoa dada yangu. Nilikwenda kwao asubuhi moja nikamkuta ameketi sakafuni chumbani, ameupa mlango kisogo, pua imekaribia kugusa plasta. Nikamvuta dada pembeni nikamuuliza wamegombana nini. Dada alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Hajagombana na mtu," akasema. "Anasali. Ndiyo dini yake hiyo."

Nilimwambia mimi mume wa namna hiyo ningemnunulia ukuta wake, nikamwacha nao. Shemeji alisikia, akageuka, akatabasamu, akarudi kwenye ukuta wake. Alikuwa mpole kiasi cha kukera. Ungeweza kumrudishia kochi alilolitengeneza juzi, limepasuka katikati, naye akasema tu, "Liache hapo," bila kukuuliza mlikuwa mkiruka juu yake au vipi.

Dini yenyewe ilimfuata kazini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, harufu ya gundi na sponji, viti vya watu vimeegemezwa ukutani miguu juu. Siku moja alikuja mteja mkimya akaagiza mito ya mviringo, myeusi, yote sawasawa, ishindiliwe makapi mpaka iwe migumu. Shemeji alikuwa na msimamo kwamba fundi hawezi kushona kitu asichokijua kinavyokaliwa. Akaomba aonyeshwe. Akapelekwa kwenye chumba chao cha Zen, mojawapo ya njia za Buddha, akaambiwa akae, atazame ukuta, asitafute chochote. Naweza kusema hakuinuka tena.

Habari zikaenea kwamba kuna fundi anayejua mito hiyo, na wengine wakaja. Kila ndege huruka na ubawa wake, na pale karakanani kila njia ya Buddha iliketi kwa mto wake. Wa Theravada, wanaofuata mafundisho ya wazee wa kale, walitaka mito mipana, bapa, maana wao hukaa muda mrefu wakiangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Walikuja watu wengine na vitambaa vyekundu na vya njano, ambao huvuta kwa pumzi mateso ya wenzao na kuwapulizia nafuu. Hao niliwapenda, ingawa walinisumbua sana kuhusu rangi. Mimi nauza vitambaa duka la pili kutoka karakana, ndiyo maana nayajua haya yote. Dini yenyewe sina, na sikutafuta.

Dada naye alikuwa na njia yake, tena si ya mumewe. Alifua mashuka hospitalini tangu ujana wake, na huko alizoeana na muuguzi mmoja mzee tuliyemwita Mama Shanga, kwa sababu shanga za kuhesabia sala hazikumtoka mkononi. Mama Shanga alimfundisha kwamba yupo Buddha aitwaye Amitabha, aliyeapa kwamba yeyote atakayeliita jina lake kwa moyo mmoja atampokea baada ya kufa katika Nchi Safi, na huko kuamka, yaani kufunguka macho ya moyo na kuachana na mateso, kutakuwa rahisi. Basi dada akawa anafua na kuita, anapika na kuita: Namo Amitabha, Namo Amitabha.

Kwenye benchi la karakana walibishana mpaka raha. Mbishi mkubwa alikuwa Dereva, mstaafu wa malori, mtu wa kuangalia pumzi.

"Mama," alimwambia dada, "huko hakuna lifti. Kila mtu anaendesha mwenyewe. Unasafisha moyo kidogo kidogo, maisha haya, na mengine, mpaka siku tamaa ikuishe."

"Wewe ulipokuwa na lori, hukuwahi kumpa mtu lifti?"

"Niliwapa wengi."

"Basi unataka kuniambia Buddha amezidiwa huruma na wewe?"

Dereva akakuna kichwa. Shemeji akasema, sindano ikiwa katikati ya meno, kwamba wote wawili wanajisumbua, kwa sababu hakuna pa kwenda. Ukiketi vizuri, umeshafika.

"Ndiyo maana hunipeleki popote," dada akamjibu, na hata shemeji mwenyewe ilibidi aitoe sindano mdomoni acheke.

Walipendana hivyo. Hawakujaaliwa mtoto, na sikuwahi kusikia mmoja akimrushia mwenzake lawama. Asubuhi shemeji alikaa na ukuta wake, dada akipita nyuma yake na ndoo huku akiliita jina la Amitabha, na kila mmoja aliona mwenzake amepotea njia, ila hakuacha kumchemshia chai.

Kisha moyo wa dada ukachoka. Alianza kuvimba miguu, akashindwa ngazi, akashindwa ndoo, mwisho akashindwa kulala chali. Hospitali ileile aliyoifulia mashuka ilimrudisha nyumbani, ikatwambia tumpe utulivu. Alipojua siku zake zinakwisha, alimwita mumewe akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nilikuwa nakunja nguo.

"Nina ombi," dada akasema. "Wakati wangu ukifika, msinililie. Wala usinishike. Mama Shanga amenieleza. Roho inapotoka, ukishikwa na mtu unayempenda, moyo unageuka nyuma, na safari inaharibika. Mniitie jina tu, mpaka nipoe kabisa."

Shemeji akasema, "Unajua mimi siamini kama ipo hiyo nchi."

"Sikukuomba uamini. Nimekuomba uite."

Akakubali. Na mtu yule, ambaye kwa miaka yote alifundishwa kwamba maneno ni mzigo, akaanza kujifunza. Nilimsikia karakanani akijaribu kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza kutembea kwa mguu wa bandia. Namo Amitabha. Alimuuliza Mama Shanga aanzie wapi, apumzikie wapi. Dereva alitaka kumtania, akaona uso wake, akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Mama Shanga aliketi upande wa kichwa, shemeji ubavuni, mimi miguuni. Waliita pamoja, polepole, na dada midomo yake iliwafuata mpaka ikashindwa. Mimi machozi yalinizidi. Mama Shanga alinitazama, si kwa ubaya, akanionyesha mlango, nikaenda nikasimama pale kizingitini.

Ndipo nikauona mkono wa dada. Ulitoka chini ya shuka, upande wa mumewe, ukawa unatembea juu ya kitanda. Vidole vilifunguka, vikafumba, vikafunguka tena. Ulimfikia karibu kabisa na goti.

Shemeji aliuona. Alisita katikati ya neno. Mkono wake uliinuka.

"Usimguse," Mama Shanga akamwambia taratibu. "Utamrudisha. Shikilia ahadi yako."

Akaushusha. Akaiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia kabisa, akaendelea kuita. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na nilimchukia kwa hilo. Nilitaka niingie nimkamate dada mkono mimi mwenyewe, ahadi waivunje au waile. Lakini alikuwa ameomba kwa kinywa chake, nami nilikuwapo. Mkono ukatulia. Wakaendelea kuita hata baada ya pumzi kukatika, jua likahama kutoka kitandani, likapanda ukutani. Alipopoa kote, Mama Shanga alimwambia sasa anaweza. Shemeji akauchukua ule mkono akaushika. Aliruhusiwa kumshika mkewe alipokuwa hana haja tena ya kushikwa.

Baada ya mazishi aliukunja mkeka wake wa kukalia akauweka juu ya kabati. Hakuutazama ukuta tena. Badala yake alianza kuita jina, kutwa nzima, akiwa anang'oa misumari kwenye viti, akiwa anakata sponji. Tulidhani ameongoka, amehamia njia ya mkewe. Mama Shanga alifurahi akamletea shanga za marehemu za kuhesabia sala. Alisema dada, siku ile, alikuwa anazitafuta hizo, zilikuwa zimeangukia uvunguni. Shemeji alizipokea, akazitundika kwenye msumari juu ya mashine, hakuzigusa.

Dereva ndiye aliyemuuliza, kwa sababu yeye huuliza. "Bwana Ukuta, umekubali sasa kwamba Nchi Safi ipo?"

"Sijui."

"Mbona unaita?"

"Huenda nikaikuta ipo. Nina swali moja la kumuuliza mke wangu."

Dereva alimweleza kwa upole kwamba hiyo nayo ni tamaa. Kwamba katika njia zote tatu, na hata ile ya vitambaa vyekundu, hakuna aliyewahi kuamka akiwa amefungwa na swali la namna hiyo. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi nisiamke," akasema, akachukua mkasi.

Mimi kwa muda mrefu nilimpita bila kumsalimu vizuri. Nilimsalimia shingo upande. Nilimlaumu yeye, na Mama Shanga, na huyo Amitabha mwenye ahadi zake. Mwisho hasira ikachoka yenyewe. Jioni moja, wateja wamekwisha, nilimpelekea kitambaa alichoagiza, nikakaa kwenye benchi. Alikuwa anashona mto wa mviringo, mweusi, wa wale watu wake wa zamani.

"Shemeji," akaniita bila kuinua kichwa, "wewe ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwapo."

"Ule mkono. Kiganja kilitazama juu au chini?"

Nilijua mara moja anauliza nini. Mtu anayetafuta shanga hupapasa, kiganja chini. Mtu anayetafuta kushikwa hukifungua juu. Nilimtazama alivyokonda, shati linampwaya shingoni, nikaona nikimwambia kweli nitamzika. Nikapiga moyo konde.

"Chini, shemeji. Alikuwa anapapasa shanga zake. Mama Shanga alisema kweli."

Nilitegemea atashusha pumzi. Aliuweka mto mapajani, akaulainisha kwa kiganja kana kwamba una mikunjo, nao hauna. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukiona hata siku ya msiba.

"Kumbe hakuwa ananitafuta mimi," akasema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kwenye ukingo wa benchi. Niliona jinsi alivyokuwa akiishi: hatia ilikuwa inamla, ndiyo, lakini ndani ya hatia hiyo kulikuwa na mwanamke aliyemtaka yeye mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya kwa neno moja.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Kilitazama juu. Alikunyooshea wewe. Hakuna kilichokuwa upande ule ila wewe."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani ataniuliza tena ili awe na uhakika, lakini mtu aliyekaa miaka akiangalia ukuta hujua kuangalia. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakaanguka juu ya kile kitambaa cheusi cha watu, na nilimwacha alie kwa sababu safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia atamrudisha nani. Nikahamia upande wake wa benchi, nikaushika mkono wake uliokuwa na sindano.

Baadaye alifuta uso kwa mkono wa shati. Akautazama mto, akaona ameulowesha, akasema itabidi aubadilishe kitambaa.

"Nitakukatia kingine," nikasema. "Kesho."

"Kesho," akakubali. Akaingiza sindano upya pale alipoishia, na midomo yake ikaanza tena kuliita lile jina.