Mkebe Ulioninyima Maneno

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na kifua kilichofika kazini dakika tano kabla yangu. Nilikuwa karani wa stoo ya rangi, jioni nasoma shule ya watu wazima, na Jumamosi asubuhi nanyanyua vyuma na wenzangu nyuma ya ukumbi wa mtaa, Ziwani.

Vyuma ni jina la heshima tu. Ilikuwa mikebe ya rangi niliyoitoa stoo ikiwa mitupu, ikajazwa saruji na kutiwa vishikio vya bomba. Aliyeijaza ni mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea kutoka Majengo, mtu wa maneno machache na mabega mengi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko, nikaandika kilo kwa brashi. Mizani hatukuwa nayo. Nilitazama ukubwa wa mkebe, nikaandika nilichoona unastahili, na sikuwa mchoyo.

Kisha kazini wakatupeleka kupigwa picha ya kifua. Yangu ikamfanya daktari aniite tena, nikapimwa kwa mashine nyingine, akaniketisha.

"Mshipa mkuu unaotoka moyoni umetanuka," akasema. "Unaitwa aorta. Unanyanyua kilo ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Kwa mikono miwili?"

"Nikiwa nimekunywa chai, mmoja unatosha."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimewahi kuona tyubu ya baiskeli iliyovimba mahali pamoja. Nikifunga pumzi na kusukuma mzigo, alisema, presha inaruka, na presha yote inapita pale palipovimba. Nikauliza kama niache kabisa.

"Sijasema hivyo. Tembea kila siku, meza dawa. Chuma, wewe usipite kilo nane kila mkono, na toa pumzi unapoinua. Uweze kusema sentensi nzima huku mkono unapanda. Ukishindwa, weka chini. Na maumivu makali ya kifua au mgongo, usiyangojee kesho. Njoo."

Nikamwambia kusema ndiyo mazoezi niliyoyaanza tumboni mwa mama.

Jumamosi nikawaeleza wenzangu, nikachukua mikebe miwili midogo, kila mmoja umeandikwa nane kwa mkono wangu mwenyewe.

"Buda, hiyo ni mwiko nyanya yangu anasongea ugali," mmoja akasema.

Nikaanza kuwasimulia habari za mwalimu wetu wa hesabu, huku mkono wa kushoto unapanda na kushuka. Hadithi ikaenda vizuri. Nikageukia wa kulia. Nilipofika "mwalimu akaingia", maneno yakakatika. Nikajaribu tena, yakakatika palepale.

"Redio imeisha betri," fundi akasema, na hayo kwake yalikuwa hotuba.

Walicheka. Mimi nikaweka chini na kuketi juu ya tofali. Sikuwa na maumivu, lakini niliuwazia ule mshipa jinsi mtu anavyowaza tyubu akiwa mbali na pampu. Nilijiona nimekwisha, na si vyuma tu. Watoto wangu wawili walikuwa bado hawajajua kufunga viatu.

Nilipotulia nikabadilisha mikebe: wa kulia nikautia kushoto, wa kushoto kulia. Nikaanza hadithi upya. Sasa mkono wa kulia uliongea kama wakili, na wa kushoto ndio uliokuwa bubu. Basi ugonjwa huu ulikuwa wa mkebe.

Nikamgeukia fundi. "Humu ulitia nini?"

"Saruji."

"Saruji tu?"

Akaukuna ukuta kwa kidole. "Saruji iliisha. Nikamalizia na nati na kipande cha ekseli ya gari."

"Na hukuniambia?"

"Uliandika nane. Mimi ni nani nimpinge msomi?"

Siku ileile nikaenda soko la mbuzi la Kiamaiko kwa mchuuzi niliyemfahamu, nikamwomba mizani yake ya ndoano. Hakuniazima. Alikuja nayo mwenyewe, maana alitaka kuona kitu gani kisicho na miguu kinapimwa. Tukaining'iniza kwenye mlingoti wa goli. Mkebe bubu ulikuwa kilo kumi na tano. Mwenzake, nane kasoro kidogo. Kisha wenzangu wakataka yote ipimwe, na hapo ndipo nilipotamani kurudi nyumbani. Ile mia na ishirini iliyonipa sifa mpaka mtaa wa Shauri Moyo ilikuwa kilo sabini na moja.

Mmoja akavua kofia kama yuko matangani.

"Sabini na moja si haba, ni mbuzi wazuri," mchuuzi akasema. "Wawili."

"Umetunyang'anya kilo hamsini asubuhi moja," mwingine akaniambia, na hakuwa anacheka.

Nikaleta rangi. Nikafuta kila nambari na kuandika ile ya mizani, fundi akisimama nyuma yangu kusoma moja moja. Mkebe wa ekseli aliuvunja kwa nyundo, akanijazia mwingine wa saruji tupu, akaupeleka Kiamaiko mwenyewe ukapimwe kabla sijaugusa. Tangu hapo nilinyanyua nikisimulia, na nilipokatika neno fundi alikohoa, nami nikaweka chini.

Mwaka uliofuata daktari akatazama picha mpya kwa muda mrefu. Mshipa haukuwa umeongezeka upana.

"Unanyanyua kilo ngapi?"

"Nane."

Alinitazama juu ya miwani, akingoja niongeze. Sikuongeza.