Kikaratasi Kisicho na Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koti jeupe wala hadubini. Nilipewa gunia la majani mabichi. Mkuu wa Maabara, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akanionyesha chumba cha nyuma. "Yatandaze kivulini," alisema. "Jua litakuharibia dawa kabla hujaijua."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupima mitishamba. Majani yakikauka tuliyasaga, tukayaloweka kwenye spiriti siku kadhaa, tukachuja, kisha tukaipasha moto ile spiriti taratibu mpaka yote iondoke. Ule utomvu mweusi uliobaki chini tuliuita dondoo. Tuliyeyusha kidogo kwenye spiriti nyingine, tukadondoshea kwenye vikaratasi vya duara vidogo kama kifungo cha shati, tukavikausha na kuvipanga kwenye sahani iliyooteshwa vijidudu vya vidonda. Dawa ikiwa na nguvu, kesho yake unaona duara safi kuzunguka kikaratasi. Vijidudu vimeshindwa kuota pale.

Lakini kikaratasi kimoja hakikutiwa dawa. Kilitiwa spiriti tupu, kikakaushwa kama wenzake. "Huyu ndiye shahidi wako," Mkuu aliniambia. "Usipomweka, sahani itakuambia unachotaka kusikia."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo kidogo Kyerwa, chini ya Mratibu wa Utafiti, mtu mwema lakini mwenye haraka. Katika kijiji cha jirani, Kimuli, nilimpata Bibi Koburungi, aliyetibu vidonda kwa mti ambao siutaji hapa, msije mkaanza kuuchuma.

"Natibu vidogo tu, mwanangu," aliniambia. "Kikianza kunuka, au mtu akishikwa homa, namfukuza aende hospitali."

Wiki niliyopima majani yake, wageni walikuwa wanakuja kukagua kituo. Mvua ilinyesha, vikaratasi havikukauka. Nikavipanga vikiwa bado vibichi, na shahidi sikumweka. Kesho yake duara zilikuwa kubwa, safi, za kupendeza. Mratibu alinishika bega mbele ya wageni. "Huyu kijana ana mikono," akasema. Jioni nikapitia kwa Bibi Koburungi, nimejaa furaha. "Bibi, dawa yako tumeipima. Inaua vijidudu kabisa."

Alipiga vigelegele.

Wiki iliyofuata nilirudia kipimo inavyotakiwa, vikaratasi vikavu, shahidi yupo. Hapakuwa na duara hata moja. Kilichoua vijidudu mara ya kwanza ni spiriti iliyokuwa haijakauka kwenye vikaratasi. Nililielewa hilo nikiwa nimesimama pale pale mezani. Nikaandika matokeo kwenye daftari langu, nikalifunga. Sikumwambia Mratibu, wala sikwenda Kimuli. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Masika yalipokwisha nikasikia kwamba Sebastiani, mkulima jirani yake Bibi, alijikata mguu kwa panga akisafisha migomba. Kidonda kilinuka, homa ikampanda, na Bibi Koburungi hakumfukuza. Aliendelea kumpaka dawa iliyopimwa. Walipomfikisha hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti.

Ndipo nilipomwambia Mratibu. Alisoma daftari langu, akafuta matokeo ya kwanza kwenye taarifa. "Na yule bibi?" aliniuliza. "Nani atamwambia?"

Nilikwenda mwenyewe. Bibi Koburungi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya masika, Bibi."

Alitazama mikono yake. "Nenda kamwambie mwenye mguu," akasema, akaingia ndani. Tangu siku ile hajagusa jani, hata mtoto akikwaruzika.

Kwa mwenye mguu sikwenda. Nilifanya kazi miaka mingine mingi, nikafundisha vijana kukausha vikaratasi vyao, nikastaafu kwa hotuba na zawadi ya kiti, nikarudi kibanjani kwangu, kwenye shamba langu la migomba, Nyakasimbi. Watu huniita daktari. Kila wakiniita hivyo, uso wangu huwaka.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya kahawa, nilipanda basi kituoni Omurushaka nikaenda Kimuli. Sebastiani alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua kahawa, gongo lake la kutembelea pembeni. "Shikamoo, daktari!" alinichangamkia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliacha kuchambua.

"Mama Adventina!" alimwita mkewe. "Njoo ukae hapa." Kisha akanigeukia. "Anza upya, mzee. Huyu ndiye aliyenibeba."

Nikaanza upya. Nilipomaliza, mkewe alikuwa akilia bila sauti.

"Tumemnyima salamu yule bibi miaka yote hii," alimwambia mumewe. "Kanisani akikaa benchi letu, tunahama."

Mimi hakunitazama. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka, akashika njia ya kwenda kwa Bibi Koburungi.