Siku Mwalo Wetu Uliponyamaza

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani yangu pale Mkuyuni, sare za wanafunzi zimenizunguka, akasema niache kila kitu niende nyumbani.

"Wamekuja wataalamu na mashine," alisema. "Wanazishusha chini kabisa ziwani, zisikilize. Watamsikia mdogo wako."

Mdogo wangu alizama miaka mingi iliyopita, na hatukumpata. Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa, na hali hiyo haikuniishia upesi. Nilidhani mama akili imeanza kumruka. Nilivuka ziwa pale Kigongo nimenuna, kwa sababu mimi nikiogopa huwa nakasirika kwanza.

Kwetu mtu akizama, mitumbwi haitoki mpaka apatikane. Kwa mdogo wangu mwalo mzima, ufuo wetu wote wa wavuvi, ulikaa bila kuvua, lakini watu wana watoto wa kulisha. Mwishowe walirudi majini huku wakikwepa macho ya mama. Wazee wakashauri tuzike mgomba badala ya mwili, ili msiba uishe. Mama alikataa katakata. Hata kitanda cha mdogo wangu hakuruhusu kiguswe, na aliyemwita marehemu mbele yake alijuta.

Nilipofika mwaloni nilipigwa na butwaa. Injini zimezimwa, mitumbwi imevutwa mchangani, mashine ya kusaga imefungwa, na wanawake wanaoanika dagaa wananong'ona. Mwenyekiti wa mwalo akanivuta pembeni.

"Mama yako katuambia mashine zinasikiliza," alisema. "Safari ile hatukumaliza kumsubiri kijana wetu. Sasa tunamalizia."

Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja. Nikaishia kumshika mkono tu.

Kiongozi wa wataalamu alikuwa binti mwembamba mwenye buti za mpira, na yeye pia alionekana haelewi.

"Dada, kuna nini hapa? Tulipokuja kupaona palikuwa na kelele tele. Leo utadhani kijiji kimehama."

"Wamenyamaza ili mashine zenu zisikie vizuri," nilimjibu.

Akajishika kichwa. "Jamani! Sisi hizo kelele ndizo tunazozitafuta."

Alichuchumaa akanichorea mchangani kwa kidole. Ziwa halitulii, alisema. Mawimbi yanaisukumasukuma sakafu yake, na mtikisiko mdogo, ambao hata ukisimama juu yake huuhisi, unasafiri chini kwa chini. Ukipita kwenye mwamba unakwenda mbio, ukipita kwenye tope unajikokota. Wao wanatazama umechukua muda gani kutoka mashine moja hadi nyingine, kisha wanapiga hesabu na kujua huko chini kuna nini. Mawimbi yanawaonyesha yaliyo mbali chini ya sakafu. Injini za mitumbwi zinawaonyesha tabaka la juu, palepale sakafuni.

Nilimwuliza kelele inaonyeshaje kitu. Akarudia maelezo, nami nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwongo. Maisha yangu yote nimeambiwa ukitaka kusikia, nyamaza.

"Na mtu aliyezama?" niliuliza. "Mashine itamsikia?"

Alijifuta mchanga kidoleni. "Hapana, dada. Pole sana."

Kazi ya kumwambia mama ikawa yangu. Nilimkuta ameketi mlangoni, nikamweleza kwa kubabaika, nusu sikumbuki nilisema nini.

"Kwa hiyo tukinyamaza hawasikii, tukipiga kelele ndiyo wanasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye hawatamsikia kabisa."

"Hapana, mama."

"Sasa watasikia nini?"

Nikasema lililonijia. "Watajua pale alipo pakoje."

Mama alijifunga kanga vizuri, akatembea hadi mwaloni na kusimama mbele ya mwenyekiti. "Washeni," alisema. Wavuvi walitazamana, hakuna aliyetaka kuanza. Akarudia kwa sauti kubwa. Wakasukuma mtumbwi mmoja majini, na injini ya kwanza ilipokohoa mama alilia, na mimi nikalia, na hata sasa siwezi kusema vizuri nililia kwa sababu gani.

Msimu wa mvua ulipopita yule binti alirudi kutoa majibu kwa kijiji. Alianzia kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Niambie, huko chini kukoje?"

Binti akasema mwamba upo, lakini uko chini sana. Juu yake kuna tope jingi, na tope lenyewe ni laini.

"Laini namna gani?"

"Laini mno, mama. Kitu kikifika pale kinatua taratibu, kinafunikwa."

"Siyo mawe?"

"Siyo mawe."

Mama aligeuka kutazama majabali ya ufuo wetu, yale tuliyokuwa tukianikia nguo na kuchubulia magoti. "Miaka yote hii," alisema, "nikifumba macho namwona amelala juu ya mawe."

Sikuwahi kujua. Nilikuwa nikimgombeza kwa ukaidi wake, kumbe hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Wiki ileile aliagiza mgomba ukatwe. Wapwa zangu walichimba kaburi, na walipomaliza mama aliomba yeye mwenyewe ashushwe ndani. Tulidhani anataka kuomba dua. Akapiga magoti, akaanza kupapasa udongo kwa viganja, akitoa jiwe mojamoja na kutupokeza huku juu, hata vikokoto, mpaka akaridhika.